Rejeksi yangu inaruka vidahizo vyenye ng'

Swali

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninaandaa kamusi ndogo ya wanafunzi katika kihariri matini Notepad++, na kila mstari wa faili una kidahizo (neno linaloelezwa), nukta mbili, kisha maelezo. Nilipotaka kuvikoleza vidahizo wino, nilitafuta kwa rejeksi (ruwaza ya kutafutia maandishi) `^(\w+):` na kubadilisha kwa `<b>\1</b>:`. Mbuzi na zizi vilikubali, lakini ng'ombe, ng'ambo na ng'oa havikuguswa kabisa. Nikajaribu `^(.*):`, na mstari wa "ng'ambo: upande wa pili wa maji, mfano: ng'ambo ya mto" ukakolezwa hadi kwenye neno "mfano". Nimekosea wapi?

Jibu

Ndugu, `\w` hukubali herufi, tarakimu na mstari wa chini tu. Sisi huandika ng' tukiihesabu sauti moja, ila kwa kompyuta ritifaa (') ni alama ya uakifishaji, kwa hiyo rejeksi yako ikishapita "ng" hukuta ritifaa mahali ilipotarajia nukta mbili, nayo huuacha mstari mzima. `.*` ina kasoro nyingine, nayo ni ulafi: humeza mstari wote kwanza, ndipo irudi nyuma hadi nukta mbili ya mwisho.

Tumia `^([^:\r\n]+):`, yaani chochote kisicho nukta mbili wala mwisho wa mstari. Tafadhali usiziondoe `\r\n`, kwa sababu bila hizo mstari uliokosa nukta mbili utashikanishwa na ule unaoufuata.

Muulizaji

Ahsante sana. Kwa kuwa vidahizo vyangu ni vya neno moja moja, nilipenda kuwa mkali zaidi nikaandika `^([\w']+):`. Sasa ng'ombe imebadilika lakini ng'ambo bado, ingawa kwa macho yangu zinafanana.

Jibu la pili

Bila shaka sehemu ya faili ilinakiliwa kutoka Word, ambayo kwa kawaida hugeuza ritifaa iliyonyooka (', msimbo wa Unicode U+0027) kuwa iliyopinda (’, U+2019). Unaweza kuziweka zote mbili ndani ya mabano, `[\w'’]+`, lakini ningekushauri usanifishe faili kwanza, maana msomaji atakayetafuta ng'ambo baadaye atakumbana na tatizo hilohilo. Tafuta `([Nn]g)’` na ubadilishe kwa `\1'`. Usibadilishe kila ’ iliyomo, kwani baadhi yake huenda zinafunga nukuu katika maelezo. Maneno yetu hayaishii kwa "ng", hivyo ruwaza hii ni salama zaidi.

Muulizaji

Nimerudi kwenye nakala ya awali, nikasanifisha ritifaa, kisha kabla ya kubadilisha nikabonyeza Count: idadi imelingana na ya mistari, isipokuwa miwili niliyosahau kuiwekea nukta mbili. Nimeirekebisha, na ng'ambo imekolezwa peke yake.