Mrejesho: binti yangu wa kulala mdomo wazi

Wapendwa, niliwauliza kuhusu binti yangu wa miaka 8 anayekoroma na kulowesha mto kwa mate. Mlisema nianze kwa daktari wa pua na masikio kabla ya mazoezi ya ulimi, yale ya kumzoesha kufunga mdomo na kupumua puani. Asanteni! Hapa Kampala daktari alikuta tezi za nyuma ya pua si kubwa, ila pua imeziba kwa mzio. (Vumbi la njia yetu, msiniulize.) Dawa ya kupuliza kwanza, mazoezi baadaye.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aanze mazoezi. Ulimi wote unanyonywa juu kwenye kaakaa, kisha unaachiliwa kwa mlio kama kwato za farasi. Halafu anabana kijiti kwa midomo huku akivuta pumzi puani, na anajifunza kumeza bila ulimi kusukuma meno. Dakika 10 asubuhi, 10 jioni. Wiki za mwanzo sikuona kitu, nusura niache.

Siku hizi akitazama katuni mdomo umefungwa wenyewe, na mto mkavu. Kukoroma kumepungua, hakujaisha. Mafua yakija, nako kunarudi. Jumatatu tunarudi kliniki.