Vibubu vya misioni: tuanzeje ili fedha ifike ilikokusudiwa?

katibu_idara
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Idara ya wanawake usharikani kwetu imekubaliana kuanza vibubu vya shukrani kwa ajili ya misioni. Tuko akina mama 60 hivi, kila mmoja sh. 100 kwa siku, tunafungua kila miezi mitatu. Theluthi mbili ziende mtaa mpya (tawi la usharika) uliofunguliwa wilaya jirani, theluthi moja kwa wamisionari walioko Msumbiji. Kibubu kiwe cha aina gani, nani ahesabu, na fedha ya nje ipitie wapi? Wapo pia wanaotaka tukusanye nguo za kupeleka huko.

mhazini_mstaafu
Amina, mama katibu. Boksi la karatasi sahauni. Sarafu 90 za mia ni nzito, linaachia chini kabla robo mwaka haijaisha. Tafuteni makopo ya maziwa ya unga yenye kifuniko cha plastiki, toboeni mwanya wa sentimita 3 (sarafu ya 500 ndiyo pana kuliko zote, nayo ipite), zungushieni utepe wa gundi wa karatasi kwenye kifuniko, kisha bandikeni namba. Namba, siyo jina. Orodha ya namba akae nayo katibu, ili kopo lisiporudi ijulikane liko kwa nani.

Hesabu: akina mama 60 × 9,000 ni 540,000. Mtaa 360,000, Msumbiji 180,000. Lakini msimwahidi mwinjilisti wa mtaa huo hiyo 360,000. Ahadi itoke kwenye fedha iliyokwisha kufunguliwa, siyo inayotarajiwa. Mwinjilisti akishaambiwa atapata posho kila mwezi halafu robo ya pili makopo yakarudi nusu, deni linakuwa la usharika mzima.

Siku ya kufungua iwe Jumapili baada ya ibada, mezani mbele ya kanisa. Wahesabuji watatu wasio ndugu, mmoja wao mzee wa kanisa. Tengeni sarafu kwa aina, hesabuni mara mbili, andikeni fomu yenye mistari ya 50, 100, 200, 500 na noti, wote watatu wasaini palepale. Sarafu za mia zifungeni mia mia kwenye vifuko: kila kifuko ni 10,000 kamili. Wenye maduka na makonda wanalilia chenji, wabadilishieni noti kwanza, msipeleke gunia benki.

mama_wa_jumuiya
Nakubaliana na mhazini isipokuwa kwenye namba. Kopo likihesabiwa kwa namba, wiki haipiti kabla majirani hawajajua nani alileta 9,000 na nani alileta 1,200. Robo inayofuata yule wa 1,200 anabaki nyumbani. Namba itumike kuweka tiki kwamba kopo limerudi, basi. Kisha yote yamiminwe kwenye beseni moja ndipo mhesabu.

Jambo hili wenzetu wa Asia walilifikiria zamani. Mwaka 1956 Shanti Solomon wa India alianzisha ushirika wa maombi uitwao wa sarafu ndogo kabisa (Fellowship of the Least Coin): kila mwanamke anapoomba anatenga sarafu ya chini kuliko zote za nchi yake, tajiri na maskini sawasawa. Nguvu yake iko hapo, hakuna wa kujivunia. Kama mwenye uwezo anataka kutoa zaidi, bahasha na ahadi zipo. Mayai, kuku na maharage viende mnadani kama kawaida, ila mnadishaji atangaze kabla ya bei ya kwanza kwamba ni mnada wa misioni, na uandikwe stakabadhi yake peke yake. Usipotenganishwa unamezwa na mapato ya Jumapili.

misioni_dayosisi
Upande wa nje. Fedha isitumwe kwenye simu ya mmisionari, hata kama anaaminika kiasi gani. Njia ni usharika, jimbo, dayosisi, na dayosisi ndiyo inayotuma. Kwenye hati ya benki, sehemu ya maelezo, andikeni jina la usharika, "vibubu wanawake, misioni Msumbiji", na robo ya ngapi. Ikiandikwa "sadaka" tu, hakuna wa kuijua ikishaingia. Nakala moja kwa mchungaji, moja kwenye faili la idara.

180,000 ni ndogo kwa uhamisho wa benki nje ya nchi. Benki inayotuma inakata, ya katikati inakata, inayopokea nayo inakata, na makato hayo hayapungui sana eti kwa kuwa kiasi ni kidogo. Afadhali dayosisi ikusanye za sharika kadhaa na kutuma mara mbili kwa mwaka. Mhazini wa dayosisi aiambie benki makato yote yawe upande wa mtumaji, la sivyo wao wanapokea pungufu na barua za kuulizana zinaanza.

Nguo, hapana. Nauli, ushuru na maghala vinazidi thamani ya mtumba wenyewe, na masoko ya huko yamejaa mitumba. Vitabu vya nyimbo vya Kiswahili navyo ulizeni kwanza: karibu na mto Ruvuma vitatumika, lakini mjini Lichinga utakuta Kiyao, Kinyanja na Kireno.

katibu_idara
Asanteni sana. Akina mama walio mjini wanataka kutuma kwa simu badala ya kopo. Je, wamtumie mhazini wa idara?

mhazini_mstaafu
Siyo kwenye laini yake binafsi. Ikichanganyika na hela ya mchele, hata malaika hawezi kuitenganisha. Tumieni namba ya malipo ya usharika, na kila anayetuma ampelekee mhazini ujumbe wa muamala siku hiyohiyo. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, wawili kati yao watoshe kutoa, na mgawanyo wa theluthi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao na kupitishwa na baraza la wazee kabla kopo la kwanza halijagawiwa. Mkiuacha hadi siku ya kufungua, atatokea mtu na paa la nyumba ya mchungaji linalovuja.