Tumefukuzwa na kampuni ya serikali, tukalalamike kwa nani?

Dereva wa Zamani: Wakuu, heshima kwenu. Sisi ni madereva na mafundi 23 wa kampuni moja ya umma. Jina lake silitaji kwa sababu bado tunadai. Siku moja tulikuta majina yetu yamebandikwa getini, mlinzi ameambiwa asituruhusu kupita. Barua zilikuja baadaye: "utovu wa nidhamu". Hakuna aliyetakiwa kujieleza, hakuna kikao cha nidhamu, na mimi nina miaka 14 pale. Tumeenda kwa mkuu wa wilaya, tunaambiwa tusubiri. Sasa twende kwa Waziri wa Kazi au tumwandikie Mama, yaani Rais, moja kwa moja? Tunaomba serikali itusaidie.

Nyundo ya Buza: Poleni. Ila utovu wa nidhamu wa madereva wa mashirika tunaujua. Dizeli ya umma imejenga nyumba nyingi Chanika kuliko mikopo ya benki.

Mke wa Dereva: Nyundo, mume wangu kaendesha gari la shirika miaka 19, kastaafu, tumepanga vyumba viwili Mbagala. Hiyo nyumba ya dizeli iko wapi nihamie kabla mwenye nyumba hajaja mwisho wa mwezi?

Mtetezi wa Barazani: Mleta mada, achana kwanza na mkuu wa wilaya. Barua yako ni ya tarehe ngapi? Nauliza kwa sababu mfanyakazi wa shirika la serikali anaweza kuhesabiwa mtumishi wa umma, na mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezewa kifungu cha 32A: umalize njia zote za ndani ya utumishi ndipo uguse sheria za kazi. Kuna kesi ya Shirika la Posta, 2022, Mahakama ya Rufani ikafuta mwenendo wote kuanzia CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Watu wamehangaika miaka, wanaambiwa mlango haukuwa ule. Rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ni siku 45. Ndiyo maana nataka tarehe.

Dereva wa Zamani: Nyundo nimekusoma. Gari langu lilikuwa na kifaa cha kulifuatilia (GPS), tenki lina lakiri. Nilikuwa nanyonya kwa mrija wa juisi?

Nyundo ya Buza: Mrija hakuutaja mtu hapa. Umeutaja wewe.

Chumvi Nyingi: 😂😂 Nyundo kashinda, uzi ufungwe.

Kaka Tegeta: Nenda CMA, una siku 60. Shemeji yangu alishinda, kalipwa mishahara ya miezi 12.

Mtetezi wa Barazani: Kaka Tegeta, 60 ni za madai mengine. Kufukuzwa kazi ni siku 30. Na shemeji alikuwa wapi?

Kaka Tegeta: Kiwanda cha mabati. Binafsi.

Mtetezi wa Barazani: Basi ndiyo hayo ninayosema. Mleta mada, tarehe?

Mjomba wa Nzega: Mnachekesha. "Serikali itusaidie" wakati serikali ndiyo mwenye kampuni, bodi imeteuliwa na haohao. Kesi ya nyani unampelekea ngedere. Chama cha wafanyakazi kiko wapi? Si kilikuwa kinawakata kila mwezi?

Mke wa Dereva: Kinagawa fulana za Mei Mosi. Mwaka juzi ile ya mume wangu ilichanika kwapani kabla maandamano hayajafika uwanjani.

Bwana Takwimu: Leo mnalilia kikao cha nidhamu. Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kwa mkupuo mmoja kuwa na vyeti feki. Nani kati yao aliitwa kwenye kikao? Mlipiga makofi humu humu.

Nyundo ya Buza: Cheti feki ni jinai. Aliyeghushi ajieleze nini, aina ya wino?

Bwana Takwimu: Na watumishi wenye elimu ya darasa la saba walioajiriwa kihalali kabla ya Mei 2004? Wakaondolewa nao, mpaka 2018 serikali yenyewe ikaagiza warudishwe. Hao walighushi nini? Nijibu hilo, dizeli iache.

Nyundo ya Buza: Sikusema habari za darasa la saba. Wewe una kisirani na JPM (Rais Magufuli), sema tu.

Bwana Takwimu: Mama yangu mdogo alikuwa mpishi wa shule, darasa la saba. Alikaa nyumbani bila mshahara anauza maandazi. Usiniambie kisirani.

Chumvi Nyingi: Aisee. Pole, mkuu.

Mzee wa Reli: Vijana, mnapigania mrija. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Wenzetu waliokuwa wafanyakazi wake walidai malipo yao mpaka makubaliano ya mahakamani 2005, na hata baada ya hapo wazee walikuwa wanakaa barabarani Dar wakisema hawajalipwa sawasawa. Wapo tuliowazika na faili kwapani. Waliandikia kila rais. Barua za kuomba msaada zilijaa makabati.

Kaka Tegeta: Mzee shikamoo. Wewe ulilipwa?

Mzee wa Reli: Marahaba. Mimi nilikuwa kibarua, hata kwenye orodha sikuwemo.

Mjomba wa Nzega: Ndiyo nasema. Nyani na ngedere.

Mtetezi wa Barazani: Hapana Mjomba, wazee walifika mahali kwa kesi, si kwa barua za kuomba. Huyu bwana bado ana njia: rufaa, na akishindwa kwenye Tume ya Utumishi anaweza kwenda kwa Rais, kwa utaratibu, siyo kwa bango. Hoja yake nzuri: hakuna hati ya mashtaka wala kikao. Lakini siku zikipita ataanza kuomba kuongezewa muda, na kusema "nilikuwa namsubiri mkuu wa wilaya" si sababu ya kujivunia. Dereva, kwa mara ya tatu, barua ni ya tarehe ngapi?

Dereva wa Zamani: Tarehe 3. Sasa Nyundo usikimbie, rudi hapa ueleze ni dereva yupi unayemjua mwenye nyumba Chanika, na namba ya gari utaje.

Mtetezi wa Barazani: Tarehe 3 ya mwezi gani?

Nyundo ya Buza: Nipo. Namba ya gari ya nini, unataka kulijazia mafuta?