Redio ya chuo: ni darasa au ni kituo cha wasikilizaji?

Mwanafunzi wa Sinza
Habari za jioni, wanajukwaa. Naandika insha kuhusu redio za vyuo, nikianzia na Mlimani Radio ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nimekwama kwenye dhamira. Je, redio ya namna hii ipo ili wanafunzi wajifunze kazi, au ipo kwa ajili ya wasikilizaji? Na kwa nini zilichelewa kuanzishwa hapa nchini?

Fundi Mitambo
Ndugu yangu, anza na sheria. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, utangazaji wa redio Tanzania Bara ulikuwa mikononi mwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha serikali. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyoruhusu wengine kuomba leseni, na Radio One ikaanza mwaka uliofuata. Usiiache TSJ, shule ya uandishi wa habari iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Marekani walitangulia mbali: mwaka 1945 walitenga masafa ya chini ya FM, kuanzia megahezi 88 hadi 92, kwa ajili ya elimu, na mwaka 1948 wakaruhusu hata vituo vidogo vya wati 10 tu, kiasi ambacho hata chuo chenye mfuko mwembamba kingekimudu.

Dada wa Changanyikeni
Mdogo wangu, mimi nilijifunzia kazi kwenye redio ya chuo. Siku ya kwanza kusoma taarifa ya habari nilisoma habari mbili nzima maiki ikiwa imezimwa, huku fundi akinipungia mikono nyuma ya kioo nami nikidhani ananipongeza. Mkuu wa zamu alinirudisha hewani saa iliyofuata. Kituo cha biashara kisingethubutu, kwa kuwa kimya cha dakika moja kinamkera mdhamini. Lakini aibu ile ilinifunza kwa sababu kulikuwa na watu wakisikiliza. Ningekuwa nasomea ukuta, ningeisahau kesho yake.

Mzee wa Masafa
Naafiki, ila kwa sharti. Redio ya chuo inayopiga bongo fleva tangu asubuhi hadi jioni haimfunzi mtu utangazaji wala hainipi mimi sababu ya kuacha stesheni nyingine. Wahadhiri wanaojua habari za mafuriko ya Msimbazi wako hatua chache kutoka studio. Waitwe, na mwanafunzi awahoji.

Mwanafunzi wa Sinza
Shikamoo, Mzee. Asanteni nyote. Kesho nitaomba ratiba ya vipindi, nihesabu saa za muziki na saa za mazungumzo.