Mrejesho: Forester iliyokuwa imekaa chini nyuma

Ndugu zangu, nawashukuru mlionijibu nilipouliza shokapu za kuweka kwenye Subaru Forester yangu ya 2005, ambayo naiendesha kazini kila siku, na iliyokuwa imekaa chini nyuma na kutoa mlio upande wa kushoto. Nilimfuata aliyeeleza kwamba shokapu za nyuma za gari hili hulinyanyua zenyewe likibeba mzigo, hivyo anayeweka za kawaida za gesi lazima abadilishe na springi, kwa kuwa zile za asili ni laini mno. Sasa nyuma haikai chini hata tukiwa watu watano. Springi ngumu za mbele, nilizozing'ang'ania licha ya kuonywa, zinalirusha gari kwenye kila tuta. Nitarudisha za zamani. Ule mlio wa kushoto, kumbe, ulikuwa bushi tu (kipande cha mpira kwenye maungio).