Naomba ushauri: spea za Chevrolet Cruze baada ya GM kuondoka Kenya

Ndugu zangu, ninamiliki Chevrolet Cruze yenye injini ya 1.8, niliyoinunua Nairobi kabla General Motors haijauza hisa zake za Afrika Mashariki kwa Isuzu mwaka 2017, hatua iliyotuacha sisi wenye Chevrolet kama yatima. Sasa kasha la themostati (kidhibiti cha joto la injini) limepata ufa, na kila asubuhi nakuta doa la maji ya rejeta, lenye rangi ya chungwa, chini ya gari. Duka moja la Kirinyaga Road liliniuzia kasha ambalo tundu moja la bolti halikulingana. Kwa kuwa Cruze na Opel Astra J zilijengwa juu ya msingi mmoja, je, spea ya Opel itaingia bila kuchongwa, au niagize Dubai kwa namba ya chasi? Kuliuza gari lenyewe sitaki, bei ninayotajiwa ni ya vyuma chakavu.