Tupeane uzoefu: Siku Taifa Stars ilipoipiga Uganda 3-0 ulikuwa wapi?

Kijiweni_Tandika:
Wakuu salaam. Asubuhi nimepanda daladala ya Gongo la Mboto, konda kaweka kwenye spika utangazaji wa zamani, bao la Msuva dhidi ya Uganda. Watu tumebanana, mwingine kaning'inia mlangoni, lakini gari zima likalipuka kama mpira unachezwa sasa hivi. Mzee mmoja wa siti ya nyuma akasema, "Hilo la kwanza, bado mawili." Sijalisahau hadi sasa naandika.

Haya, Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019. Miaka 39 bila kucheza AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, halafu ndani ya dakika tisini mambo yakabadilika. Ulikuwa wapi? Mwageni.

Mtoto wa Keko:
Nje ya geti, tiketi mkononi! Watu walijaa mno, sikuingia. Sikuona bao hata moja, nilisikia tu uwanja unanguruma mara tatu. Na bado nawaambia watu nilikuwepo.

Zumbukuku:
Geti hilohilo mkuu. Tulipigwa vumbi pamoja.

Fundi Saa:
Vijana wa juzi mnakumbuka mabao matatu tu, mnasahau presha yenyewe. Siku ile tiketi ya fainali za Misri haikuwa mikononi mwetu peke yetu. Sisi pointi tano, Lesotho pointi tano, na wao walishatufunga moja bila kule Maseru Novemba. Wangeshinda kwa Cape Verde, hata tungeifunga Uganda kumi tungerudi nyumbani kuosha vyombo. Mechi zote mbili zinaanza saa kumi na mbili jioni.

Basi jukwaani jicho liko uwanjani, sikio liko Praia, Cape Verde. Nyuma yetu kulikuwa na dogo mwenye simu, tukampa ukuu wa kituo bila kumfanyia usaili. Kila dakika: "Dogo, huko vipi?" "Bado bila bila!" Msuva akafunga, Nyoni akaweka penalti, Aggrey Morris akaongeza la tatu kipindi cha pili hakijafika hata robo saa. Kuanzia hapo nawaambia kweli, hakuna aliyekuwa anaitazama Uganda. Watu elfu na elfu wamekaa Temeke wanacheza mechi ya Lesotho kwa mdomo wa yule dogo. Aliposema imekwisha bila bila, nilimkumbatia jamaa mwenye kofia ya Simba. Mimi Yanga kindakindaki. Sijamwona tena na sina haja.

Mnyama Halisi:
Huyo jamaa naye amekaa anajuta mahali.

Ssalongo wa Masaka:
Majirani, hongereni ila semeni ukweli. Cranes wetu wa Uganda walikuwa wameshafuzu, walikuja Dar kutembea.

Fundi Saa:
Mechi tano za nyuma hawakuwa wameruhusu bao hata moja. Yote matatu yaliyoingia kwenye nyavu zao katika makundi yale ni yetu. Kama ni matembezi, walitembea wakaangukia shimoni.

Mtoto wa Keko:
😂😂 Ssalongo kunywa maji.

Mjukuu_Mbagala:
Sikutaka kuandika ila huyo konda amenichokoza.

Jumapili ile tulimzika babu, baada ya Adhuhuri. Mbagala, turubai limefungwa uani, wazee kwenye jamvi, bibi ndani ameshaanza eda. Sisi wajukuu tukapewa kusimamia ubwabwa nyuma ya nyumba. Sasa babu mwenyewe alikuwa mtu wa redio. Bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililotupeleka fainali za Lagos, alikuwa analisimulia hadi unamwona mlinzi wa Zambia anavyoteleza, na hakuwahi kufika Zambia. Wiki ile yote, kitandani, anauliza Jumapili lini.

Tukawasha simu. Waya mmoja wa masikio, watu wawili, kila mtu na sikio lake, wengine wanasoma nyuso zetu. La Msuva tulijizuia, binamu aliuma kanzu. La Nyoni mwiko ulizama kwenye sufuria. La Morris hakuna aliyejizuia. Kelele zilitoka ambazo ukoo wetu haujawahi kuzisikia, harusini wala wapi.

Halafu kimya. Mjomba mkubwa anakuja, bakora mkononi, uso umefura. Kabla hajafungua mdomo kakatoto kakatoka chumbani kwa bibi mbio: "Bibi anauliza kafunga nani."

Mjomba alisimama. Akatuangalia. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kafunga nani?" Tukamwambia Morris, na ni la tatu. Akamgeukia mtoto: "Mwambie bibi yako ni la tatu." Akaenda zake akafuta macho kwa kofia. Baada ya dakika chache wazee wawili wakaja kujifanya wanaangalia moto.

Mama Kauthar:
Jamani mimi niko kazini hapa nalia nini sasa.

Ustaadh Mdogo:
Poleni kwa msiba, ila tusipambe makosa. Siku ya maziko watu wanamwombea maiti, hawasikilizi mpira. Huyo bibi alifiwa, hakujua anachosema.

Mama Kauthar:
Ustaadh, aliyefiwa ni yeye. Kama yeye ameuliza, wewe ni nani?

Ustaadh Mdogo:
Dini haiangalii nani kauliza.

Zumbukuku:
Wakuu tusitoke kwenye mada. Ubwabwa uliungua?

Mjukuu_Mbagala:
Uliungua chini. Ukaliwa hivyohivyo, hakuna aliyelalamika. Ustaadh, dua zilisomwa zote, usiku mzima.

Mnyama Halisi:
Babu alikuwa timu gani?

Mjukuu_Mbagala:
Pan African.

Mnyama Halisi:
Basi hapo hatuna ugomvi. Apumzike.

Mstaafu wa Posta:
Huyo marehemu nimemwelewa kabisa. Nyinyi mnajua 2019, sisi tunajua 1979. Vita vya Kagera ndiyo vimetoka kuisha, sabuni ni ya foleni, sukari ni ya foleni, kitenge ukikiona unanunua hata kama huna mke. Bao la Tino lilitufanya tuisahau foleni kwa muda. Lagos hatukushinda mechi, tulipata sare moja na Ivory Coast, lakini tulitembea vifua mbele. Magufuli alipowaita vijana Ikulu kesho yake na kuwaahidi viwanja Dodoma, nilichofurahia zaidi ni kwamba na Tino alikumbukwa.

Mchumi Uchwara:
Yote sawa, lakini furaha haijazi sufuria. Kesho yake nauli ilikuwa ileile na mwenye nyumba alitaka kodi yake.

Mama Lishe Chang'ombe:
Kijana, mimi sufuria langu lilijaa. Jumatatu ile maandazi yaliisha kabla ya saa mbili asubuhi, na watu wa mkopo walilipa bila kuulizwa. Wengine nilishawasamehe moyoni.

Mchumi Uchwara:
Siku moja hiyo mama.

Mama Lishe Chang'ombe:
Na wewe jina lako nalikumbuka kwenye daftari.

Otero wa Kisumu:
Watani, mbona simulizi inaishia Machi? Endeleeni hadi Cairo, 27 Juni. Mlitangulia mara mbili, mkalala 3-2 kwetu Kenya. Olunga, mfungaji wetu, anawasalimu. Mkitaka raha kamili njooni niwaambie Kasarani, Agosti 2025, tunaipiga Morocco moja bila, tukimaliza tukiwa kumi uwanjani. Mtaani kwetu watu walitoka na sufuria na vifuniko, jirani yangu asiyejua offside ni nini alipiga karai hadi likapasuka.

Fundi Saa:
Cairo tulienda kutalii.

Ssalongo wa Masaka:
Ahaa! Kumbe kutalii kunaruhusiwa.

Binti wa Tanga, Muscat:
Mimi nilikuwa kazini kwa watu, nyumbani kwa mtu siwezi kuwasha runinga. Dada yangu alinitumia kelele tu, sekunde chache za mtaa wa Ngamiani. Nilizisikiliza jikoni mpaka chaji ikaisha.

Mkimbiaji Arusha:
Mpira, mpira, mpira. Simbu, mkimbiaji wetu, kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, ya kwanza kwa nchi hii. Yeye na Mjerumani wote 2:09:48, ikaamuliwa kwa picha ya mstarini! Kwetu ilikuwa saa tisa na ushee usiku. Nilipiga kelele, mlinzi akaja na rungu.

Zumbukuku:
Nililala, sikufichi.

Mkimbiaji Arusha:
Ndiyo tatizo lenu.

Mtoto wa Keko:
Ushauri kwa mechi zijazo: ingia uwanjani mapema, beba karanga, simu acha nyumbani.

Fundi Saa:
Simu usiache. Nani atakwambia Praia kuna nini?

Mama Kauthar:
Mwenye presha aangalie marudio.

Mstaafu wa Posta:
Nina presha na siangalii marudio. Kibanda umiza cha hapa kwetu kina kiti changu, na mwenye kibanda ameachiwa namba ya mwanangu.

Mnyama Halisi:
Mzee, kibanda kiko wapi? Jumamosi nije.